Miaka miwili Ibra: wakala, shule na ufunguo wa nyumba

Nilirudi Mombasa mwezi wa saba baada ya kufundisha Kiingereza miaka miwili Ibra, mji wa mkoa wa Sharqiyah nchini Oman, mwendo wa kilomita kama 150 kutoka Muscat. Tangu nirudi haipiti wiki bila mwalimu wa kike kunipigia simu kuniuliza nchi gani nzuri na wakala gani mwaminifu. Nimeona niandike yote mahali pamoja. Nitampima wakala aliyenipeleka, shule iliyoniajiri na nyumba niliyowekwa, kwa sababu kwa mwanamke wa umri wangu vitu hivyo vitatu haviachani.

Mimi ni Mtaita wa Voi, nina miaka 43. Nimefundisha Kiingereza na fasihi katika shule za sekondari kwa miaka 16 na nimesajiliwa na TSC, tume ya kuajiri walimu ya Kenya. Binti yangu nilimwacha kwa mama, akiwa kidato cha pili. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kufundisha nje umeandikiwa kijana wa miaka 23 anayetaka kuiona dunia kidogo kisha arudi. Mwalimu aliyeshika chaki miaka 16 ana hesabu nyingine kabisa: karo ya mtoto, mahali pa kulala kwa heshima, na tajriba yake kuthaminiwa.

Nilianza na Korea Kusini, maana ndiko nilikosikia mshahara ukisifiwa. Kwa pasi yetu mlango huo umefungwa. Viza ya kufundisha lugha, ile ya E-2, hupewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Uwe umefundisha mwaka mmoja au thelathini, jibu ni lile lile. China nako walimu wa lugha hupimwa kwanza kwa orodha ya namna hiyo. Wakala wa kwanza niliyemwendea Nairobi alinituliza, akasema niende China kwa viza ya biashara na mengine yatanyooshwa huko huko. Dada zangu, hapa nawasihi: kazi ya ualimu China hufanywa kwa viza ya Z na kibali cha kazi. Ukikutwa darasani na viza nyingine, anayefukuzwa nchini ni wewe, wakala amekaa zake ofisini. Nilikusanya vyeti vyangu pale mezani nikatoka. Shilingi 5,000 nilizotoa za kufungulia faili sikuziona tena.

Falme za Kiarabu niliandikia shule sita, sikujibiwa na hata moja. Thailand ndiyo iliyonivuta kweli. Wakenya wanafundisha huko, na shule niliyozungumza nayo kwa video iliahidi baht 30,000 kwa mwezi. Ilitaka nifanye mtihani wa TOEIC kwa kuwa situmii pasi ya nchi za Kiingereza, na baadaye nishughulikie leseni ya Khurusapha, baraza lao la walimu. Kutakiwa mtihani wa Kiingereza baada ya kuwasahihishia wengine mitihani ya Kiingereza nusu ya maisha yangu kuliniuma, lakini nilikuwa tayari kuufanya. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba nauli ilikuwa juu yangu na kodi ya nyumba pia. Oman walitoa tiketi, viza na nyumba ya bure. Wakati ule niliona nyumba ya bure ni neema.

Sasa wakala wa pili, aliyenipeleka. Simtaji jina, kwa mema wala mabaya, maana wafanyakazi hubadilika na ofisi ikabaki na kibao kile kile. Kabla ya kutoa hata senti nilimtafuta kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Alikuwepo, na leseni ilikuwa haijaisha muda. Nilimlipa shilingi 60,000 kwa awamu mbili, ya pili baada ya viza kutoka. Kwa upande wa karatasi sina lawama. Alinipa orodha kwa mfuatano: cheti cha tabia njema kutoka polisi, alama za vidole nikachukuliwa Huduma Centre kwa shilingi 1,050, kisha shahada ipigwe mhuri Wizara ya Mambo ya Nje, kisha iende ubalozini. Alinionya pia nisiende ubalozini kabla ya wizara, na kweli siku niliyokwenda nilimkuta mwalimu wa Kakamega akirudishwa kwa kosa hilo hilo baada ya kusafiri usiku kucha.

Mkataba tuliusoma pamoja mstari kwa mstari, Kiingereza na Kiarabu. Alinieleza kwamba sheria ya kazi ya Oman inataka mkataba wa Kiarabu, kwa hiyo nisitie sahihi ule wa Kiingereza peke yake. Hilo lilinisaidia baadaye. Aliposhindwa ni mahali pawili. Kwanza, alinisukuma ninunue kozi ya intaneti ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza kwa wageni. Nilipoiandikia shule mwenyewe, walinijibu kwamba shahada ya ualimu inatosha. Mwenye fedha ya kusomea kozi basi asome CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, ambayo ndani yake unafundisha wanafunzi halisi kwa saa sita huku unatazamwa na kupewa alama. Pili, kwenye mkataba palikuwa na mstari mmoja tu kuhusu makazi: nyumba itatolewa na mwajiri. Nilimuuliza ni nyumba ya namna gani. Akasema, "Mwalimu, usijali, wenzako wote wanakaa huko."

Wenzangu kweli walikaa huko. Tulikuwa wanawake sita katika vyumba vitatu, ghorofa ya pili, jengo safi lenye kiyoyozi kila chumba. Chini palikuwa na geti la chuma la nondo, na kila usiku saa tatu mlinzi alilifunga kwa kufuli kutoka nje, akampelekea msimamizi ufunguo, akaenda kwake. Msimamizi aliishi mwendo wa robo saa kwa gari. Usiku mmoja wa Novemba mwenzangu wa chumbani, mwalimu wa sayansi kutoka Kerala, India, alishikwa na pumu na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Tuliliona dirishani, taa yake ya kijani inawaka. Tulimteremsha hadi getini tukidhani hewa ya nje itamsaidia, akakaa kwenye ngazi ameshika nondo kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka. Nilimpigia msimamizi mara tano. Mwishowe nilimwita kijana aliyekuwa akipita na baiskeli, nikampitishia rial tano na kile kichupa kitupu kati ya nondo. Alivuka, akanunua, akarudi na chenji yote, akainyoosha mkononi sarafu kwa sarafu. Ufunguo ulifika baada ya dakika hamsini.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliniambia kufuli ni kwa usalama wetu. Nilimwambia mimi ni mama, nimekuwa mlezi wa bweni miaka minne, na hata wasichana wa kidato cha kwanza sikuwahi kuwafungia na ufunguo nikalala nao mbali. Nilimwomba anipe fedha ya nyumba badala ya nyumba. Ilichukua miezi miwili na barua tatu, nikapewa rial 120 kwa mwezi. Kwa waliobaki, mlinzi aliagizwa alale pale pale na ufunguo. Nilipompigia wakala Nairobi alinijibu kwamba mambo ya makazi ni kati yangu na mwajiri. Kwa jibu hilo nimempa alama tatu kati ya tano, na ningempa nne na nusu kama angesema, "Ngoja niwapigie."

Nyumba niliyoipata mwenyewe ilikuwa chumba, jiko na choo juu ya paa la Bi Mkubwa mmoja aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, na kuhamia Oman miaka ya sabini. Wanaojua historia hawatashangaa, kwani watu wa Sharqiyah na Zanzibar wamekwenda na kurudi kwa vizazi vingi, na Ibra unaweza kununua nyanya kwa Kiswahili. Nilibisha hodi nikamwamkia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Akanitazama. "Wewe mtu wa Mombasa. Shikamoo yako iko wapi?" Nikamwamkia upya. "Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, unasimama juani kwa nini?" Alinipa funguo mbili zilizofungwa kwa kipande cha kanga, moja ya mlango na moja ya geti. "Ukirudi usiku tia komeo vizuri, paka wa jirani huingia." Masharti yake yaliishia hapo. Usiku ule nilitoka saa nne kununua mishikaki barabarani, ile ya mchuzi wa ukwaju, si kwa njaa hasa.

Shule yenyewe naipa tatu na nusu. Vipindi 24 kwa wiki, Jumapili hadi Alhamisi, kengele saa moja asubuhi. Madarasa hayakuzidi watoto 25, jambo ambalo mwalimu wa Kenya atalielewa bila maelezo. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa rial 380. Rial imefungwa kwa dola, kwa hiyo hesabu yake haiyumbi: ni kama dola 988, au shilingi 127,000 kwa bei ya mwaka huu. Ililipwa kwa wakati miezi yote 24. Lakini mwenzangu wa chumba cha pili cha walimu, mwenye pasi ya Ulaya na tajriba ya miaka mitatu, alilipwa 650 kwa kazi ile ile, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumwelekeza kuandaa mitihani. Nilimpenda yule binti na nilimwelekeza kwa moyo wote. Hata hivyo jambo lile si haki, na kila mwalimu wa kwetu anayekwenda Ghuba alijue kabla hajapanda ndege, alipiganie mezani angali nyumbani.

Darasani ndiko nilikokuwa na furaha isiyopungua. Nilipewa darasa la tatu, watoto wa miaka minane, nami nilikuwa nimezoea vijana wenye sauti nzito. Kiarabu hakina sauti ya p, kwa hiyo park inakuwa bark na pen inakuwa ben. Kuwarudishia neno mara mia hakukusaidia. Nikakata karatasi ya shashi vipande vyembamba, kila mtoto akashika chake mbele ya midomo. Ukisema b karatasi inatikisika tu. Ukisema p sawasawa inaruka. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye haya, kwa wiki mbili hakufungua kinywa. Siku karatasi yake iliporuka aliifuata ikaanguka chini ya dawati, akaiokota, akaijaribu tena peke yake hadi kengele ikalia. Hilo hakuna cheti cha saa 120 kilichonifundisha. Nililitoa kwenye miaka 16 ya kumtazama mtoto kinywani.

Kuhusu maisha ya mwanamke peke yake Ibra, naupa mji tano kati ya tano. Nilitembea jioni bila kusumbuliwa, mabega na magoti yamefunikwa, nywele wazi au kitambaa nilivyotaka. Kila Jumatano kuna soko la wanawake, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake, na pale nilipata marafiki waliokuja kuniaga na halwa. Mkristo ajue kwamba kanisa liko Muscat, Ruwi, na ibada kubwa ni Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Nilikwenda mara moja kwa mwezi. Kiangazi joto linapita digrii 40, na mwezi wa sita nilikuwa nikifua saa kumi alfajiri.

Sheria nayo ina mazuri ambayo mawakala hawayasemi. Tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba hahitaji tena barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine. Sheria ya kazi ya 2023 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 98, na mfanyakazi wa kigeni kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Shule ilinilipa rial 760 siku mbili kabla ya safari. Mkataba ule wa Kiarabu ndio niliowawekea mezani.

Kwa hiyo anayeniuliza nchi gani nzuri, mimi humuuliza kwanza ufunguo wa nyumba utakaa kwa nani, na jibu lake limeandikwa wapi. Nimeona Thailand swali hilo unalijibu kwa kulipa kodi yako mwenyewe, na leo nisingeihesabu kodi hiyo kuwa hasara.

Mimi narudi Oman mwezi ujao, shule nyingine, mji ule ule. Rasimu ya mkataba ilipokuja ilikuwa na ule mstari wa nyumba kutolewa na mwajiri. Niliukata kwa kalamu nyekundu nikaandika wangu, na wiki iliyopita ulirudi na mhuri, lugha zote mbili: fedha ya nyumba rial 130 kwa mwezi, mwalimu atachagua makazi yake mwenyewe na kushika funguo zake. Mshahara wameupandisha hadi 470. Bi Mkubwa nilimpigia jana kumpa habari, akasema chumba hajakipangisha.