Randa ya umeme Makita 1900B ya zamani: ya kununua au ya kupeleka kwa wa vyuma chakavu?

Jibu fupi kwa mwenye karakana Lamu: inunue, mradi bamba lake la maelezo liseme volti 220 hadi 240, amecha (sehemu ya mota inayozunguka, yenye koili) iwe hai, na nyayo zake mbili, yaani nyuso za chini zinazoteleza juu ya ubao, ziwe zimenyooka. Mengine karibu yote, ukiacha nyumba ya beringi iliyolegea, yanatengenezeka kwa siku chache, hata kama imepauka mpaka rangi yake ya kwanza haijulikani. Ikikosa moja kati ya hayo matatu, hata ukipewa bure utakuja kuilipia.

Makita walianza kuuza randa za umeme za mkononi mwaka 1958 huko Japani. Hii 1900B ilikuja baadaye na ikatengenezwa kwa miaka mingi, ndiyo maana za mitumba bado zinapatikana na vipuri havijawa hadithi. Upana wake ni milimita 82, mota wati 580, ngoma yenye visu inazunguka mara 16,000 kwa dakika bila mzigo, kina cha juu kabisa milimita 1, uzito kilo 2.5. Si mashine ya kupunguza mbao nene. Anayetaka kutoa milimita 5 kwenye ubao wa mlango atapita mara tano na zaidi, na mota itachoka kabla yake. Kazi yake ni kusawazisha, kulainisha na kupunguza ukingo wa mlango uliovimba.

Ngoma ina visu viwili, kwa hiyo ni mikato 32,000 kwa dakika. Ukiisukuma kwa mwendo wa mita 4 kwa dakika, kila milimita ya mbao inapata mikato 8 na uso unatoka laini. Ukiikimbiza mita 12 kwa dakika, mikato inashuka chini ya 3 kwa milimita. Hapo ndipo yanapotokea yale mawimbi madogo ambayo huyaoni mpaka vanishi ikauke. Wengi huilaumu mashine, na kosa ni la mkono.

Sababu ya kuitafuta ya zamani badala ya randa mpya ya bei rahisi ni visu. Nyingi za zamani zina visu vipana vya chuma vinavyonolewa tena na tena. Mpya nyingi zina visu vyembamba vya kabaidi, makali pande mbili. Upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa. Mjini Mombasa hilo si tatizo. Lamu, ambako kila kipuri kinavuka maji kutoka Mokowe upande wa bara, kisu unachoweza kukinoa mwenyewe juu ya jiwe ni bora kuliko kisu kikali zaidi ambacho hakijafika. Tena mvule una tabia yake: ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa, vigumu kweli, visivyoonekana juu ya ubao. Kabaidi ikigonga kijiwe inamegeka na imekwisha. Chuma cha kunoa nacho hupata pengo, lakini pengo linanoleka. Kama unayoiangalia imefungwa visu vidogo vya kabaidi, muulize muuzaji kama ana vibamba na visu vipana, kwa sababu ngoma ya 1900B inakubali aina zote mbili.

Kwanza kabisa, soma bamba. Mitumba inatoka kila pembe ya dunia. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani 115 au 120, na za maeneo ya ujenzi Uingereza ni 110, zenye plagi ya njano. Ukichomeka ya volti 100 kwenye 240 yetu, inavuta nguvu inayokaribia mara sita ya iliyokusudiwa. Itapiga sauti kali sekunde chache, kisha moshi. Muuzaji akisema "nimebadilisha plagi tu, inafanya kazi", jua ndiyo hiyo. Ya volti 110 inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha, ya VA 1,000 ya kazi mfululizo, lakini transfoma hiyo ni nzito kuliko randa yenyewe na utaibeba kila unapokwenda. Hezi 50 au 60 hazina shida hapa, kwa kuwa mota ya kaboni (vipande vinavyosugua na kupeleka umeme ndani) haijali. Kwa mashine ya kunolea ya mezani au msumeno wa meza wenye mota isiyo na kaboni, habari ni nyingine: ya hezi 60 ikija kwenye hezi 50 inazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, na inapata moto.

Ukaguzi wa dukani hauhitaji zaidi ya dakika kumi. Kabla ya kuwasha, zungusha ngoma kwa kidole. Ikikwaruza kama mchanga, beringi zimekwisha, na hilo si la kukukimbiza kwani beringi ni rahisi. Shika ngoma uitikise juu na chini. Ikicheza, angalia kama ni beringi tu au ni nyumba yake ndani ya bodi imelegea. Nyumba ikilegea, kuna mafundi wanaoijaza kwa gundi au kuigongagonga kwa senta-panchi. Haidumu. Iache.

Kisha fungua vifuniko viwili vya kaboni pembeni, utoe kaboni uitazame. Ikibaki milimita 6 au chini ya hapo, ni ya kubadilishwa, na hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Uso wake ukiwa laini na unaong'aa ni dalili njema. Ukiwa umemegeka au una mistari mirefu, tatizo liko kwenye komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huisugua. Washa bila mzigo uchungulie kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida, lakini cheche zinazozunguka komyuteta nzima kama pete maana yake ni koili ya amecha imekatika au imeshikana. Kuwaindi, yaani kuisuka upya waya, amecha ndogo kama hii kwa mkono na kuirudisha kwenye mizania ya mizunguko 16,000 ni kazi ambayo mafundi wengi huianza na wachache huimaliza vizuri. Usinunue kwa ahadi hiyo.

Ukishaileta nyumbani, ifungue yote kabla ya kuitumia. Skrubu zake ni za nyota ya Kijapani, si ile nyota ya kawaida. Bisibisi ya kawaida inapanda na kutafuna kichwa. Kwa skrubu zilizoshikwa na kutu, tia mafuta ya kupenyeza, subiri usiku kucha, kisha gonga bisibisi kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha. Lamu hii hatua hairukwi, maana chumvi ya hewa imekaa kati ya skrubu ya chuma na bodi ya alumini, na metali mbili tofauti zikipata unyevu wa chumvi zinakulana. Ule unga mweupe unaouona shingoni mwa skrubu ni alumini inayoliwa.

Ndani utakuta maranda yaliyogandamana na grisi. Grisi hiyo haikutiwa kiwandani. Randa hii haina giaboksi. Nguvu inakwenda kwa mkanda tu, na beringi zake zimefungwa na grisi yake ndani. Kuna mtu aliyeona mashine ya zamani akaionea huruma akaipaka. Safisha yote kwa brashi kavu na kitambaa chenye spiriti kidogo, hewa ya pampu mwisho. Petroli isikaribie amecha. Inalainisha vanishi ya waya.

Komyuteta ikiwa nyeusi, izungushe taratibu huku umeishikilia msasa wa mbao namba 400. Usitumie msasa mweusi wa chuma: chembe zake hupitisha umeme na hukwama kati ya vipande. Baadaye pitisha kipande chembamba cha msumeno wa chuma katika kila mfereji ili maika (kinga iliyo kati ya vipande) ishuke chini ya shaba kwa nusu milimita hivi. Pima ukinzani kwa mita kipande kwa kipande, jirani kwa jirani, kuzunguka pote. Namba zinapaswa kufanana. Kimoja kikiruka, hiyo ndiyo koili mbovu. Mwisho pima kati ya komyuteta na ekseli kwa mega (kipimo cha uzima wa kinga ya umeme) ya volti 500. Iliyolala karibu na bahari mara nyingi husoma chini mara ya kwanza. Ikiwa chini ya megaohmu 2 usiitie umeme. Iweke ndani ya sanduku na balbu ya wati 60 ya waya, usiku mmoja, upime tena. Kwa kawaida inapanda. Isipopanda, chumvi imeingia ndani ya koili.

Beringi soma namba kwenye pete yenyewe, usikubali "hii inaingia pia". 608 ni tundu 8, nje 22, unene 7; 6200 ni 10, 30 na 9. Mwisho wa namba ndio wanaokosea wengi: ZZ ni kifuniko cha chuma, 2RS ni cha mpira. Mpira unazuia vumbi na chumvi vizuri zaidi, lakini unasugua, na kwa mwendo mkubwa unatoa joto. Fuata aina iliyokuwamo. Kuitoa tumia pula, na kuipachika sukuma pete ya ndani tu. Ukigonga ya nje, beringi mpya imeharibika kabla haijazunguka hata mara moja. Mkanda ukiwa na nyufa mgongoni badilisha, usitie nta. Kaboni mpya ziache zijikalishe kwa dakika 10 bila mzigo.

Sasa visu, na hapa ndipo randa nyingi zilizokarabatiwa vizuri zinapoharibiwa. Noa viwili pamoja kwenye kishikio chake, jiwe likiwa na maji muda wote, idadi sawa ya mikwaruzo. Kimoja kikiwa kizito kuliko mwenzake, ngoma inatetemeka na beringi ulizonunua jana zinakufa mwezi ujao. Kuvipanga, kipimo ni wayo wa nyuma, si wa mbele: makali yawe sawasawa na wayo wa nyuma yanapofika juu kabisa. Weka rula ya mbao iliyonyooka juu ya wayo huo, zungusha ngoma kwa mkono. Kisu kiiguse rula na kuisogeza milimita 2 au 3 tu, kushoto, katikati na kulia sawa. Mbao zenyewe zitakwambia ulikosea wapi. Ikichimba mwanzoni mwa ubao, kisu kimoja au vyote viko chini ya wayo wa nyuma. Ikichimba mwishoni, vimejitokeza kupita kiasi. Ikiacha michirizi upande mmoja, makali hayako sambamba na wayo. Skrubu zote za visu zikazwe, na iliyokwaruzika kichwa itupwe. Hakuna skrubu ya "itashika tu" kwenye mwendo huo. Plagi iwe nje ya soketi wakati wote huu, si swichi imezimwa tu.

Kwenye kazi: mvule inakwenda vizuri kwa nusu milimita, ila vaa barakoa, unga wake unawasha ngozi na kuziba kifua. Mbambakofi ni mgumu na nyuzi zake hupindana; shuka mpaka robo milimita na upite polepole, la sivyo vibanzi vinang'oka. Udhaifu wa kweli wa mashine hii ni tundu la kutolea maranda. Ni jembamba, na mbao mbichi au yenye utomvu inaliziba kila baada ya mita chache. Usiingize kidole, hata ngoma ikionekana imesimama. Tumia kijiti.

Kwa mbao za jahazi kuukuu, ambazo sasa kila mwenye hoteli Shela anataka meza yake, randa hii haifai mpaka kazi ya sumaku na koleo imekwisha. Misumari iliyokatika ndani haionekani, na mpigo mmoja unamaliza visu viwili. Ng'oa, chimba kuzunguka doa lolote jeusi (kutu hugeuza mbao nyeusi kabla chuma hakijaonekana), piga brashi ya waya kutoa mchanga, ndipo uwashe. Mbao hizo zina chumvi, kwa hiyo maranda yake yakilala kwenye ngoma usiku mmoja wa kusi, asubuhi visu vina madoa. Futa, paka mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa.

Waya wa kawaida wa hii ni wa nyuzi mbili bila athi, kwa kuwa bodi imekingwa mara mbili. Si kosa la aliyeitengeneza. Kwenye plagi ya pini tatu weka fyuzi ya ampea 5, si ile ya 13 inayokuja nayo. Ukikuta waya umebadilishwa, angalia rangi: kwa Wamarekani nyeusi ndiyo yenye moto, kwa Waingereza wa zamani nyeusi ilikuwa nyutro. Kwa drili za zamani zenye bodi ya chuma tupu kosa kama hilo linaua, na bila athi drili hizo zisishikwe kabisa.

Bei: kwa iliyo hai lakini chafu, nusu ya bei ya mpya ni dari. Ondoa humo kaboni, mkanda, beringi na seti ya visu, maana utavinunua. Iliyopakwa rangi mpya ya dawa juu ya vumbi, punguza zaidi; aliyeficha vumbi hajafungua ndani. Ikiwa haina ufunguo wake wa visu na kishikio cha kunolea, vidai kabla ya kulipa, kwa sababu kishikio ndicho kigumu kupatikana. Na ukishaipata usiitundike kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Ukuta ule unavuta unyevu kila siku. Itie kwenye sanduku la mbao lenye mfuniko, juu ya rafu, na kitambaa chenye mafuta chini ya nyayo.