Nyamapori mchana kweupe: chakula chetu katika baa moja ya kijijini Hampshire, England

Kwetu Mugumu, Serengeti, Tanzania, nyamapori ililiwa usiku. Mlango unafungwa, moto unapunguzwa, na sisi watoto tunaambiwa kwamba mtu akituuliza kesho tuseme tumekula maharage. Kukutwa na nyara za serikali ni jela, na sisi watoto tuliwajua kwa majina waliofungwa. Ndiyo maana nilipoingia kwenye baa hii Jumamosi ya pili ya Novemba na kuona ubao wa chaki ukutani, umeandikwa ni ndege gani wa leo, kulungu gani, kapigwa shamba gani na siku gani, nilisimama nikausoma wote kabla sijavua koti.

Nilikuwa na wifi yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye huu ni mwaka wake wa nane Southampton. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo. Naandika kwa ajili yetu sote wawili, kwa sababu maoni niliyoyasoma kabla ya kwenda hayakumfikiria kabisa mlaji kama yeye.

Sehemu za namna hii Waingereza wanaziita gastropabu. Ni baa ileile ya bia na moto wa kuni, ila jikoni kuna mpishi wa kweli. Jina hilo lilishika na The Eagle ya Farringdon, London, iliyofunguliwa mwaka 1991. Harwood Arms ya Fulham, inayosifika kwa nyama za porini, ndiyo baa ya kwanza ya London kupata nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa, mwaka 2010. Tulikokula sisi hakuna nyota. Ni nusu saa kwa gari kutoka Winchester, mlangoni kuna matope ya mabuti, na chini ya meza wamelala mbwa wa wawindaji, manyoya yamelowa. Kama mbwa wanakupa taabu, sema unapoweka nafasi. Sisi tulisema, tukapewa meza ya pembeni karibu na dirisha, na mhudumu akahakikisha hakuna mbwa anayepitishwa upande wetu. Hilo nawashukuru.

Kwa nini Novemba? Porini hapa kila mnyama ana tarehe zake, na sheria ndiyo inayozilinda. Grouse, ndege wa porini nitakayemweleza mbele, hupigwa kuanzia Agosti 12 hadi Desemba 10. Kwale huanza Septemba 1 na fezanti, ndege mwenye mkia mrefu, Oktoba 1, na wote wawili hufungwa baada ya Februari 1. Kulungu jike wa aina ya roe hufunguliwa Novemba 1. Jumapili hakuna ruhusa ya kuwapiga ndege hawa, na katazo hilo limo katika sheria ya mwaka 1831. Kwa hiyo Novemba ndiyo mwezi ambao karibu wote wanakutana kwenye jiko moja. Ukienda Juni utakula vizuri pia, lakini ubao utakuwa mfupi: njiwa mwitu, kulungu dume wa roe, na muntjac, kale kakulungu kadogo kenye asili ya China, ambako hapa England hakana msimu wa kufungwa. Ukikaona muntjac utadhani paa wa kwetu.

Nilianza na yai. Wengi tunazijua eggchop za mgahawani. Hii ni ndugu yake, ila yai limevikwa nyama ya kusaga ya kulungu, yule mnyama ambaye kanisani tulizoea kumwita ayala. Nilipolikata, ganda lililia chini ya kisu, kisha kiini kikatiririka taratibu, rangi ya mawese, kikaingia ndani ya nyama. Nyama yenyewe ilikuwa na pilipili manga na harufu ya mbali ya moshi. Nililila polepole kuliko chakula chochote nilichokula mwaka huu. Lakini Mwislamu aulize kwanza, maana jikoni nyingi huchanganya nyama ya nguruwe humo ili isikauke. Hapa walikubali wazi kwamba wanachanganya.

Kisha grouse. Ndege huyu anapatikana katika visiwa hivi vya Uingereza na Ireland tu, na hafugiki. Anaishi nyanda za juu za Scotland na kaskazini ya England, chakula chake machipukizi ya heather, kichaka chenye maua ya zambarau. Chakula hicho unakikuta kwenye nyama: uchungu kidogo, kama mboga ya mnavu, halafu utamu unaokuja nyuma yake. Aliletwa mzima, kifua chekundu ndani, amekalishwa juu ya kipande cha mkate wa kukaanga uliopakwa maini yake. Pembeni krispi nyembamba za viazi, majani mabichi na jeli ya matunda mekundu. Menyu ilikuwa imeonya kuhusu marisau, zile chembe za risasi, na kweli nilikuta moja kwenye paja. Nikaliweka ukingoni mwa sahani, jeusi, dogo kuliko punje ya mtama. Tafuna kwa uangalifu, hasa kama una jino la kuziba.

Nataka niliseme hili la nyama kuiva, maana najua tulivyo. Nilipoona wekundu, mkono ulisita. Mhudumu, binti mdogo ila anaijua kazi yake, akanieleza kwamba mnyama wa porini hana mafuta ya kumlinda na moto. Kifua kikiachwa kiive kabisa kinageuka kuwa kamba na ule uchungu unazidi. Nilimsikiliza, na alikuwa na haki. Kama huwezi kabisa kula nyama yenye wekundu, usiagize grouse halafu umlazimishe mpishi amuunguze. Agiza bega la kulungu. Linapikwa saa nyingi hadi linaachana na mfupa. Walinionjesha kijiko kimoja kutoka jikoni, nikakumbuka mchuzi wa bibi.

Wifi hali mnyama aliyepigwa bunduki kama hajui aliyempiga ni nani na kama alitaja jina la Mungu. Aliagiza trauti wa kuoka kwa siagi, na viazi. Samaki alikuwa mzuri, sina la kuongeza. Kilichompendeza zaidi ni kibakuli kilicholetwa na grouse wangu, mchuzi mzito mweupe wa maziwa na mkate. Waingereza wanaula na ndege tangu zamani. Wifi aliinama juu ya kile kibakuli, akanyanyua uso akaniangalia.

“Wifi, hii karafuu!”

Kweli. Kitunguu huchomekwa karafuu, kikachemshwa ndani ya maziwa pamoja na jani la bay, kisha ndiyo mkate unatiwa. Mtu aliyekua akizianika karafuu kwenye majamvi hadanganyiki. Aliuliza kama kuna mafuta ya nyama ndani, akaambiwa hakuna, siagi tu. Akauhamishia kwenye samaki wake wote.

Sasa lawama yangu, na ni kubwa. Tuliagiza kabichi ya pembeni. Kwenye menyu iliandikwa kabichi na siagi, basi. Wifi alikwisha pakua, uma uko njiani, nikaona vipande vidogo vya waridi katikati ya majani. Nyama ya nguruwe ya kukaanga. Nilimshika mkono. Mhudumu alipoitwa aliona aibu ya kweli, akaondoa kila kitu mezani, akaleta sahani mpya, samaki mpya na kabichi iliyopikwa upya, na kwenye bili hawakuitia. Walirekebisha vizuri. Lakini siagi ya kabichi iliandikwa na nyama ikaachwa, wakati tulipoweka nafasi tulieleza kwamba mmoja wetu ni Mwislamu. Jiko linaloweza kuandika kwa chaki kulungu kapigwa siku gani linaweza kuandika kilichomo kwenye kabichi. Wifi alinyamaza kama dakika kumi baada ya hapo, na mimi ndiye niliyemleta. Waislamu wenzetu, ulizeni kuhusu kila sahani, hata ya mboga, kwa sababu katika upishi huu mafuta ya nguruwe ndiyo yanayotumika kumsitiri ndege asikauke, na hayaishii kwa ndege.

Bei: grouse pauni 36, yai pauni 9, trauti pauni 24. Na vinywaji, viazi, pudini moja ya tufaha tuliyogawana na ada ya huduma, tulilipa pauni 104. Si bei ya kila wiki. Kati ya yai na grouse tulisubiri karibu dakika 50, na hakuna aliyekuja kutuambia kitu.

Nilipokwenda kulipa nilimwuliza mwenye baa kwa nini anaandika jina la shamba ubaoni. Alisema England hakuna tena mbwamwitu, kulungu wakiachwa wanamaliza miche msituni, kwa hiyo lazima wapunguzwe, na mtu anayekula ana haki ya kujua. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, watu wakipita na glasi zao. Tanzania nayo kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, nami natamani siku moja nisome ubao kama ule Mugumu, baba yangu akiwa pembeni.

Tumeshaweka nafasi tena, Jumamosi ya tatu ya Januari, kwa ajili ya kwale. Wifi ndiye aliyepiga simu. Aliomba kibakuli kizima cha mchuzi wa karafuu, akawasomea menyu yao sahani moja baada ya nyingine, wakamjibu kila moja ina nini.