Santuri ya Rigoletto niliyouziwa na mkwaruzo palepale pa Gobbi

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa. Duka silitaji. Ni kiduka cha santuri za mitumba hapa Milano, na yule mzee wa kaunta anajijua. Nilinunua Rigoletto, opera ya Verdi, iliyorekodiwa La Scala, jumba la opera la hapa hapa, mwaka 1955, Tullio Serafin akiongoza orkestra. Wengi huitafuta kwa ajili ya mwimbaji Maria Callas, anayeimba binti. Mimi namfuata Tito Gobbi, baritoni anayeimba Rigoletto mwenyewe. Nilimuuliza mzee mara mbili kama ina mikwaruzo, akaniambia safi kabisa, na hata kwenye jalada hakuitoa.

Nyumbani ilipiga vizuri hadi sehemu ya pili. Rigoletto, mchekeshaji mwenye kibyongo wa mtawala wa Mantova, anaingia akiimba "la rà, la rà" kama mtu asiye na neno moyoni, kumbe binti yake ameibwa usiku na macho yanamtafuta kila pembe. Gobbi hapo hataki sauti nzuri. Anaibana, anaikausha, unamsikia mtu anayejilazimisha kuchangamka na koo limemkaba. Mara anatambua kwamba mtoto yumo chumbani kwa mtawala, na "Cortigiani, vil razza dannata" (enyi watu wa ikulu, kizazi kiovu kilicholaaniwa) inamtoka, fidla zinakimbia chini yake bila kupumua. Bastianini, baritoni mwingine, alikuwa na sauti nono zaidi, hilo sibishi. Lakini Gobbi neno halipiti mpaka alitafune. R zake zinapasuka kama kuni kavu.

Halafu nguvu zinamwishia. Analia. Anawageukia walewale watu wa ikulu aliowatukana, anamwita mmoja kwa jina. Ndipo sindano iliporuka. "Marullo." Tk. "Marullo." Tk. "Marullo." Nilihesabu mara nane ndipo nikaunyanyua mkono wa mashine. Katika santuri zote tatu za kasha lile, mkwaruzo umechagua pale! Baba anaomba, na kuomba kwenyewe hakufiki popote.

Niliirudisha. Mzee hakuniangalia hata usoni: "Hiyo imekuzidi umri, ulitaka nini? Kasikilize kwenye simu." Kwenye simu! Mtu anauza santuri maisha yake yote halafu anamwambia mteja maneno hayo. Sikupata hela yangu wala pole.

Nilikuwa nimeshaandika kwamba msikanyage pale. Ila jana usiku niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nikaifuta kwa kitambaa laini kufuata mifereji yake, nikaweka sarafu ndogo juu ya kichwa cha sindano. Ikapita. Inagonga kila mzunguko, lakini ilipita, na selo ile ikaingia chini ya "Miei signori, perdono" (mabwana zangu, nisameheni), na sauti iliyokuwa inachana watu ikawa ya mzazi aliyepiga magoti. Nilikaa sakafuni mpaka upande ukaisha. Leo mzee akinirudishia hela yote, santuri hii simpi.

Kwa hiyo sijui niwaambieni nini. Msiende. Au nendeni: karibu na dirisha kuna sanduku ambalo ndani yake niliona Tosca, opera ya Puccini, ya mwaka 1953, Gobbi akiwa Scarpia, yule mkuu wa polisi katili, na de Sabata akiongoza orkestra. Itoeni kwenye jalada, muigeuzegeuze kwenye mwanga kabla ya kulipa, na mzee akinuna mwacheni anune.