TAHADHARI: Tapeli wa intanshipu ya jaji huko The Hague, msije mkalia kama mimi

Jamani naandika hii mikono inatetemeka kwa hasira. Nimepigwa. Ile safari ya The Hague, Uholanzi, niliyowaaga nayo mpaka mkanichangia begi, haipo, haijawahi kuwepo, hakuna jaji anayenisubiri wala nini, na yule kaka mlioniona namshukuru hadharani ni mwizi.

Niseme ilivyokuwa maana najua mtaniuliza we unasoma sheria uliibiwaje. Huyu mtu hakuanza na hela. Wiki mbili nzima hajataja hata senti. Alisema anafanya kazi ofisini kwa jaji mmoja wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, na jaji anatafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayejua Kiswahili. Akaomba CV, matokeo, na insha niliyoandika mwenyewe, na ile insha aliisoma kweli, aliirudisha na masahihisho ya rangi nyekundu, akaniambia hoja yangu ya ukurasa wa tatu haina miguu. Sasa tapeli gani anakusahihishia insha? Halafu ikaja intavyuu ya video. Niliazima koti la dada, nikakaa mezani saa nzima kabla ya muda. Akatokea na tai, nyuma yake rafu imejaa ripoti za kesi, hacheki hata kidogo. Swali la kwanza, nitajie vyanzo vya sheria ya kimataifa. Nikamwaga Kifungu cha 38 chote cha Mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, mikataba, desturi, kanuni za jumla, mpaka maamuzi ya mahakama na maandiko ya wataalamu, yeye anaandika tu. Mwisho akavua miwani akasema, "Mheshimiwa atakupenda sana wewe." Nilizima kompyuta nikapiga magoti palepale chini. Hiyo sentensi nikiikumbuka saa hii nasikia kichefuchefu.

Siku ya tatu barua ya ofa ikaingia, ina mhuri, ina sahihi, ina jina la jaji ambaye yupo kweli. Ndo hela zikaanza. Kwanza bima ya afya, eti bila bima Uholanzi hawatoi viza, na mwisho wa kulipa ni leo saa sita usiku. Mama ndo alilipa, alitoa alizokuwa anaweka za matibabu ya macho yake, akasema nenda mwanangu, macho yatasubiri. Siku nne baadaye ada ya kibali cha kukaa, nikakopa. Kisha ada ya kiapo cha kutunza siri za mahakama, hapo nikasita, nikampigia kumuuliza, akanikaripia kabisa, "Unataka nimwambie Mheshimiwa umeghairi?" Nikaomba radhi. Yaani nilimwomba radhi mtu anayeniibia, nikalipa na hiyo. Kuanzia hapo meseji tiki moja, picha imepotea, nimeblokiwa.

Kinachoniuma ni kwamba ile barua haikuhitaji mpelelezi. Juu imeandikwa ICC, chini anwani ni Kasri la Amani. Kasri la Amani ndo inakokaa ICJ, ile ya nchi kushitaki nchi, ICC wana jengo lao lingine kabisa walihamia 2015. Na kazi waliyonipangia eti utafiti wa mgogoro wa mpaka kati ya nchi mbili! ICC inashitaki watu, haigawi mipaka, na mimi hukumu ya Somalia na Kenya ya mpaka wa baharini ya 2021 nimeisoma, najua ilitoka ICJ, ila siku ile kwenye karatasi nilikuwa naliona jina langu tu.

Mengine ya kuangalia: imeili yake ilikuwa ya bure ya kawaida, sio ya mahakama. Hela inaenda kwa namba ya mtu binafsi anayeitwa "mhasibu". ICC na ICJ hawatozi ada kwa anayeomba nafasi, na intanshipu unaomba kwenye tovuti yao wenyewe. Ule mpango wa ICJ wa kukaa na jaji miezi kama 10 kuanzia Septemba, chuo ndo kinapeleka majina, hakuna wakala katikati. Kuna mengine nitaongeza kichwa kikitulia.

Na huyu mtu afungwe. Sio kurudisha hela halafu yaishe, hapana, afungwe, maana sheria anaijua huyu, amekaa darasani kama sisi, na kama ana leseni ya uwakili afutwe kabisa asije akasimama mbele ya jaji yeyote maisha yake yote. Mama yangu bado hajafanyiwa macho. Mnaonitumia meseji nimwachie Mungu naombeni mniache kwanza.

Polisi nimesharipoti, namba zake zote wanazo, wanataka na walalamikaji wengine. Alishawahi kuniambia tumechaguliwa watatu. Kwa hiyo kuna wenzangu wawili mahali fulani wanapanga nguo saa hizi. Kama ni wewe, na barua yako ina Kasri la Amani pale chini, usifute meseji hata moja, usimwonyeshe kwamba umeshtuka, njoo inboksi leo leo. Na hiyo ada ya kiapo usilipe.