Moduli ya memori kadi kwa Arduino na ESP32: ipi ununue, na ile ya bluu ina shida gani

Tangu msimu wa korosho uanze meseji mnazonitumia ni kilio kimoja. Mtu katengeneza kifaa cha kupima joto na unyevu ghalani, kaunga memori kadi kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), inaandika safi kabisa, af akiongeza redio ya LoRa (ya kurusha data mbali) ili data zimfikie kwake Mikindani vyote vinagoma. Anabadilisha kadi, anabadilisha waya, anaanza kumlaumu fundi. Jamani, kadi haina kosa.

Kosa liko kwenye moduli, kile kibodi cha kuchomekea kadi, ile ya bluu yenye chipu ya 74LVC125A. Kadi na LoRa vinaongea na bodi kwa SPI, mfumo ambao vifaa vinachangia waya, halafu kila kimoja kina waya wake wa CS wa kukiita zamu yake ikifika, asiyeitwa anatakiwa auachie waya wa MISO, ule wa kujibia, wenzake waongee. Kadi yenyewe inauachia vizuri tu, ila MISO inapitia kwenye ile chipu, na pini ya kuifungulia imeungwa moja kwa moja kwenye ground, kwa hiyo iko wazi muda wote, inang'ang'ania waya hata zamu si yake, na LoRa ikijibu haisikiki. Sifa wanazoandika wauzaji ni spidi na class 10 (daraja la kasi ya kadi), sijui za nini kwenye Uno yenye RAM ya KB 2, hili hawaligusi.

Kwa hiyo namba moja ni ya kampuni ya Adafruit, ile MicroSD breakout board+, na ndiyo, nawapendelea, sifichi. Chipu yake inashusha volti 5 kuwa 3.3 kwa waya zinazoingia kwenye kadi tu, MISO inatoka kwenye kadi yenyewe bila kupitia popote, so ukiweka LoRa na skrini humo humo vinaelewana. Ina na pini ya CD, programu inajua kama kadi imechomekwa.

Mnaotumia ESP32, bodi nyingine ya kuprogramu, chukueni vile vidogo visivyo na chipu wala regyuleta (ya kushusha volti), ni tundu la kadi na rezista basi. ESP32 inaongea kwa volti 3.3 kama kadi, hakuna cha kushusha. Kwenye Uno usithubutu, volti 5 zitaiumiza kadi.

Ya bluu? Bei rahisi, nunua kama kadi ndiyo kifaa pekee cha SPI, na ipe volti 5, maana regyuleta yake ya AMS1117 inakula kama volti moja. Kadi isizidi GB 32, za 64 zinakuja na mpangilio wa mafaili wa exFAT na laibrari ya SD ya Arduino inasoma FAT16 na FAT32 tu.

Sasa wauzaji. Tangazo lina picha ya bodi ya Adafruit, bei imepanda kwa sababu ya hiyo picha, mzigo unapanda basi Dar mpaka huku Mtwara, nauli ya kifurushi unalipa wewe, unafungua ni ya bluu. Ukipiga simu unajibiwa "dada zote zinafanya kazi". Siku hizi kabla sijatuma hela naomba picha ya bodi aliyoishika mkononi, namba ya chipu isomeke, na wengi wakishaombwa hiyo picha hawajibu tena.