Kozi ya uchumi wa usafirishaji, na sifuri waliyomwandikia mama yangu mdogo

Kozi hii nilijilipia mwenyewe, baada ya kuelezwa ofisini kwamba fungu la mafunzo limekwisha, na ninalisema hilo mapema ili msomaji ajue uchungu wangu unaanzia wapi. Ilikuwa kozi fupi ya uchumi wa usafirishaji kwa maofisa mipango, iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli moja hapa Mwanza, kipindi ambacho daraja la Kigongo–Busisi, la kuvuka Ziwa Victoria, lilikuwa linakaribia kukamilika na sisi bado tulikuwa tunavuka kwa kivuko.

Kuhusu ukumbi, chakula na vitini sina neno. Mkufunzi naye anaijua kazi yake, na asubuhi ya kwanza alinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Alitusimulia habari za Jules Dupuit, mhandisi wa Ufaransa aliyeandika mwaka 1844 kwamba manufaa ya daraja hayapimwi kwa ushuru unaokusanywa mlangoni, kwa kuwa kila mvukaji ana kiasi chake cha juu ambacho angekuwa radhi kukitoa kabla ya kuamua kubaki upande alioko. Mimi niliyezaliwa Sengerema sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Niliwaona watu wa Busisi wamesimama kwenye foleni, kila mmoja na kiasi chake moyoni.

Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, likaja jedwali. Zoezi lilikuwa kupima faida ya daraja linalochukua nafasi ya kivuko. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, mstari wa wenye mshahara ulikuwa na thamani ya saa moja kwa shilingi, mstari wa wenye magari ya biashara ulikuwa na yake, na chini kabisa, mbele ya maneno "wasafiri wasio na ajira rasmi", ilikuwapo sifuri. Wala hawakuandika hata shilingi mia ya kufichia aibu.

Nilinyoosha mkono, nikaeleza kwa adabu kwamba mama yangu mdogo alivuka Kigongo kwa miaka mingi akiwa na beseni la sato, akienda Mwaloni kule Kirumba, na kwamba saa mbili za kusubiri kivuko ndizo zilizoamua auze kwa bei gani. Siku ambayo kivuko kilichelewa, alifika sokoni barafu imekwisha kuwa maji, na wanunuzi, kabla hata ya kumsalimu, walikuwa wakifunua mashavu ya samaki kuangalia kama bado ni mekundu. Hasara hiyo ina bei. Ningeweza kumtajia palepale.

Mkufunzi alitabasamu. "Mama, hapa tunafanya uchumi, hatufanyi huruma. Kama hana mshahara, muda wake tutauhesabuje?" Ukumbi ukacheka, na wengine waliocheka ni wana wa wachuuzi, kama mimi.

Mtu huyohuyo ndiye aliyetufundisha jana yake kwamba muda wa kusubiri huhesabiwa kuwa mzito kuliko muda wa kukaa ndani ya gari, mara nyingi hata mara 2, kwa sababu kusubiri kunamchosha binadamu zaidi. Sasa sifuri ukiizidisha kwa 2 unapata nini? Kwa jedwali la namna ile, barabara ya wenye mshahara itaishinda barabara ya wachuuzi kila mwaka wa bajeti, na mtu wa kisiwa cha Ukara hataonekana kamwe kuwa anastahili kivuko kizuri. Mchana ule, badala ya kurudi kwenye hoja, tulipelekwa Singapore, iliyoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 1975, kisha London, iliyoanza mwaka 2003. Sina ugomvi na miji hiyo, lakini hakuna hata mmoja wenye mtu anayesubiri kivuko Busisi.

Nilirudi nyumbani nimekusudia kuandika kwamba asiende mtu. Lazima nikiri, hata hivyo, kwamba wiki kadhaa baadaye ofisini lilikuja pendekezo la kuhamisha kituo cha daladala ili magari madogo yapite haraka, na ni vitini vyao vilivyonifundisha kuhesabu pia dakika ambazo abiria wangetembea kwa miguu na mizigo kichwani. Nilipoziingiza, faida yote ya pendekezo ikayeyuka, na wakubwa wangu wakalirudisha mezani. Bila kozi ile ningebaki kulalamika tu kikaoni. Kwa hiyo nilibadilisha nia, nikaamua kuwapa nyota nne, nikawaandikia waandaaji barua ya heshima kuwaomba warekebishe ule mstari mmoja. Walinijibu kwa maneno manne: "Asante kwa maoni yako."

Daraja sasa limefunguliwa, tangu Juni 2025, na mama mdogo, ambaye magoti hayamruhusu tena kubeba beseni, amelipita mara moja akiwa ndani ya gari, akasema limekwisha kabla hajamaliza kushangaa. Juzi kijana wa idara yetu amerudi kutoka kozi ileile. Nilimwomba anifungulie jedwali kwenye kompyuta yake. Wamebadilisha rangi ya vichwa vya safu na kuongeza nembo. Sifuri ipo palepale.

Nyota mbili. Ile ya pili ni ya Dupuit.