Kliniki ya manesi kando ya dampo la Dandora: nyota 4 kati ya 5

Wazazi wa Dandora na Koch (Korogocho) hapa Nairobi, kama mtoto anakohoa kila wiki na kila mahali unapewa Amoxil unarudishwa nyumbani, jaribuni hii kliniki ndogo ya manesi. Mimi nilienda na kitinda mimba wangu nikijua ni dawa tu napewa, sista akaanza maswali, nyumba yenu iko upande gani wa dampo, moshi unaingia saa ngapi, mtoto anachezea wapi, baba anafanya kazi gani, na kama ni ya kuchoma waya ama kuvunja betri nguo anavulia wapi akifika. Hapo kwa nguo nilishtuka juu mzee wangu huchoma waya, anaingia hivyo hivyo na mtoto anamrukia. Kumbe vumbi ya risasi, ile madini ya sumu inaitwa lead, hushika kwa nguo. Nikaambiwa za kazi zifuliwe kando, sakafu nipanguse na kitambaa cha maji badala ya kufagia, na mtoto apewe omena, ndengu na sukuma juu akikosa madini ya chuma na kalsiamu mwili unafyonza risasi zaidi.

Na si porojo. 2007 utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la UN, ulipima watoto 328 wa hapa karibu, nusu wakapatikana na risasi ya maikrogramu 10 kwenda juu kwa kila desilita ya damu, na sai WHO inasema hakuna kiwango salama. Hii dampo ilitangazwa imejaa 2001, malori bado yanaingia tu!

Kitu nimependa sana ni daftari yao. Ma-CHP, wale wahudumu wa afya wa mtaani, wanazunguka plot kwa plot wakiandika nani anakohoa, kisha manesi wanakaa na sisi tunaisoma pamoja. Siku watu wa kaunti walikuja baraza, mama mboga ndiye alisimama kuisoma, nesi amekaa nyuma kimya, na afisa aliyesema ni baridi tu akaulizwa mbona hiyo baridi inachagua plot za upande wa moshi. Hakujibu, akaanza kuangalia simu.

Nyota moja nimepunguza juu kipimo cha risasi hawana, unaandikiwa uende mjini na pesa ni yako. Nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa ya kifua, ni moja, stima ikipotea mnakaa tu mkiangaliana. Na yule wa kuandikisha, jameni, apunguze kiburi.

Jumatatu msiende, foleni inafika barabarani. Bebeni kitabu cha kliniki cha mtoto, na kama mzee huchoma waya aende pia, watamuuliza maswali yake mwenyewe.